Lori la Kumfuata Letisia

Nesi Angela hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka wodi ya wazazi akiwa amekunja mikono ya sweta lake, akamtazama Gidion, akamtazama Gaudensia, kisha akachagua kumwambia Gaudensia.

"Dada yako bado anapoteza damu. Ile aliyotoa mume wake imeshaingia na imekwisha. Daktari anataka kumpeleka upasuaji, lakini hawezi kumgusa akiwa hivi. Nileteeni watu."

"Watu gani, nesi?"

"Wowote wenye afya, tutawapima wenyewe. Dada yako ni grupu O, hapokei ya grupu nyingine. Akiba ya O iliisha jana kwenye ajali, na gari linaloleta nyingine limekwama njiani, mvua imekata barabara. Leteni watu, dada. Leo, siyo kesho."

Gidion alikuwa amekaa kwenye benchi, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko chake, macho sakafuni. Alfajiri ile mtoto wa kwanza wa Gidion na mkewe Letisia alikuwa amezaliwa kimya. Kaka yake Gidion alikichukua kile kichanga, akakifunga kwenye shuka na kwenda kukizika nyumbani kwao Tlawi kabla jua halijapanda. Letisia hakujua. Tangu ajifungue alikuwa akizama na kuibuka kama mtu avukaye mto, na kila alipoibuka alimwita baba yake.

Gaudensia ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono asubuhi ile. Walimtoboa kidole, wakatazama, wakatikisa kichwa. Grupu ni O, ndiyo, lakini damu yenyewe nyepesi. Ukitoa, walimwambia, tutawalaza wawili. Alitaka kubishana. Chuoni aliwahi kuandika insha juu ya lishe ya wanawake wa vijijini, akapata alama nzuri, na hata siku moja hakufikiri kwamba alikuwa anajiandika mwenyewe.

Alikuwa amehitimu maendeleo ya jamii mwaka juzi. Ajira hazikutoka, akarudi kwa wazazi wake Maretadu kulima maharage na kujitolea ofisi ya kata. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, alipanda hadi mahali mtandao unapokamata akaweka kwenye simu tafakuri fupi kwa ajili ya watu wake: juu ya vijana wanaomaliza siku wakicheza kamari za simu, juu ya bei ya mbolea, juu ya wazee wanaokaa peke yao mpaka wafe ndipo wapate wageni. Watu walisoma. Wengine walimtumia mioyo na vidole gumba, wengine walimwita Mwalimu kwa utani. Naye aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba watu wakielezwa jambo vizuri watalitenda.

Basi alieleza vizuri. Aliandika kwenye kundi la ukoo na majirani: Letisia wa Mzee Akonaay yuko katika hali mbaya, anahitaji damu ya grupu O, tafadhali yeyote mwenye afya afike hospitali sasa hivi, kila dakika ni ya thamani.

Majibu yalianza kudondoka kama mvua juu ya bati. Pole sana dada. Mungu ni mwema wakati wote. Mikono ya kusali, mistari mizima ya mikono ya kusali. Binamu mmoja aliyeko Dar es Salaam aliweka zaburi nzima. Mwingine, asiyejulikana aliingizwa na nani humo, akatangaza mbegu za alizeti. Kisha ikaingia sauti ya baba yao mdogo, Theodory, mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana:

"Mwanangu Gaudensia, tumepokea. Usiwe na hofu. Filimbi imeshapigwa, watu wanakusanyika. Tunakuja."

Gaudensia alimsikilizisha Gidion sauti ile. "Umesikia shemeji? Wanakuja."

Wakageuza benchi ili waone lango.

Walilitazama lango mpaka wauza uji waliokuja asubuhi wakafunga vyombo vyao na kuondoka. Waliingia watu wa wagonjwa wengine, na mbuzi mmoja aliyefukuzwa. Wa Maretadu hakuingia hata mmoja. Simu ya Theodory haikupatikana. Ya baba iliita bila kupokelewa. Nesi Angela alipita mara moja, akatazama tu lile benchi lenye watu wale wale wawili.

"Nakwenda kuwaleta," Gaudensia alisema, akapanda bodaboda ya kijana aitwaye Doto.

Njia ilikuwa tope jeusi linaloshika tairi kama ugali. Walipokaribia Maretadu alianza kuwaona watu, na moyo wake ukaruka. Akina mama walikuwa wakitembea kwa mstari mmoja, wamejitanda kanga dhidi ya manyunyu. Wanaume wa mabuti na makoti walifuata nyuma. Wanakuja kweli, alijiambia, ni matope tu yamewachelewesha! Alitaka kumwambia Doto asimame awashukuru. Ndipo akaona walichobeba. Akina mama walikuwa na mizigo ya kuni kichwani na vibuyu vya maziwa mkononi. Wanaume walikuwa na sululu. Na badala ya kushika barabara ya hospitali, wote walikata kushoto kwenye njia ya ng'ombe inayokwenda nyumbani kwa baba yake.

Ua wa Mzee Akonaay ulikuwa umejaa. Turubai la chama lilikuwa limeshafungwa kati ya nyumba na zizi. Masufuria makubwa yalikuwa juu ya mafiga, kuni zimepangwa kimo cha mtu. Chini ya turubai wazee walikaa kwenye viti vya kanisa, na katikati yao baba yake, amejifunika blanketi, haongei, maana mwenye msiba huzungumziwa. Kando ya barabara lilisimama lori la Bashiri, mfanyabiashara wa Dongobesh ambaye chama humwita kila kunapokuwa na mwili wa kufuata. Lilikuwa limeshageuzwa, pua yake ikitazama upande wa hospitali.

"Shikamooni," Gaudensia alisema.

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia, sauti za chini, za msibani.

Theodory alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema, Theodory. Hakuna aliyezikwa Maretadu bila yeye kulala nje. "Unaona? Nilikuambia usiwe na hofu. Hakuna kilichopungua hapa, hata chumvi."

"Baba mdogo, Letisia yuko hai."

"Tunajua. Tunamwombea."

"Niliomba watu waje hospitali. Kutoa damu."

"Tumekuja kwa wazazi. Mtu akizidiwa hospitali, watu hukaa na wazazi wake. Ulitaka tumwache baba yako peke yake?"

"Nilitaka mtu mmoja tu akae naye! Hawa wengine wapande lori twende. Lori si hilo hapo?"

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Theodory alimvuta kando kidogo, lakini sauti yake ilikuwa ile ya vikao, ikasikika na wote. "Lori limekodiwa na chama. Katiba ya chama inasema lori ni la msiba. Nikilitoa kwa mgonjwa leo, kesho kila mwenye homa atanidai lori. Itabidi tukae kikao."

"Kikao lini?"

"Jumapili, baada ya misa."

"Jumapili tutakuwa tunamzika!"

"Ndiyo maana tumejiandaa," alisema mtu kutoka nyuma, wala hakusema kwa ubaya.

"Msomi huyu," akadakia mwingine. "Hivi ulisomea udaktari?"

"Maendeleo ya jamii."

"Basi acha jamii ikae kwanza, utaiendeleza ikishakunywa chai."

Kicheko kidogo kikapita, cha watu waliochoka. Gaudensia aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ndio waliompigia makofi aliposhinda kwenda chuo. Walikuwa wameacha palizi katikati ya msimu, wakabeba kuni zao wenyewe juu ya tope lile, na wangekaa hapo siku zote ambazo zingehitajika, wakichimba, wakipika, wakiimba. Upendo ulikuwepo, tele, ungeweza kujaza lori. Ila ulikuwa umechimbiwa mfereji mmoja tu miaka mingi, na mfereji ule ulikwenda kaburini. Maiti ana mwenyekiti, ana katibu, ana sululu na masufuria. Mgonjwa ana nini? Ana pole.

Simu ikaita. Gidion.

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Gaude, midomo yake imekuwa myeupe. Nesi anasema kama hakuna mtu mpaka alasiri... Uko wapi?"

Simu ikakatika. Alibaki ameishika sikioni. Kuni zilikuwa zinalia motoni, na watu wote walikuwa wanamtazama usoni. Mama yake, Lucia, alisimama mlangoni mwa jiko na kanga mpya imekunjwa mkononi.

"Vipi?" Theodory aliuliza.

Hakupanga. Hata baadaye, alipojaribu kutafuta ni wapi alipoamua, hakupaona.

"Letisia amefariki," alisema. "Wanataka tukamchukue sasa hivi."

Mama yake alipiga ukelele mmoja akaketi chini pale pale. Na ua ukainuka. Theodory hakuita kikao wala hakufungua katiba. Alipuliza filimbi mara mbili, akanyoosha kidole: ninyi pandeni, ninyi bakini na moto, ninyi kachimbeni. Akina mama walimnyanyua Lucia wakampandisha kwa mikono. Wanaume walirukia bodi. Kabla Gaudensia hajashusha simu sikioni, lori la Bashiri lilikuwa linanguruma, limejaa watu wazima, wenye nguvu, waliojaa damu.

Alikalishwa mbele, kati ya Bashiri na baba yake.

Bashiri aliendesha akiwa amekaza midomo. "Poleni sana, mzee," alisema mara moja tu. Lori liliteleza, likashika, likateleza tena. Nyuma yao wimbo wa kanisa ulianza, sauti za akina mama zikipanda na kushuka na mashimo ya njia.

Mzee Akonaay alikuwa anatazama kioo. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya wageni:

"Alisema nini mwishoni?"

Gaudensia aligeuza uso kutazama njia.

"Ulikuwa naye. Hakusema kitu?"

"Alikuita wewe, baba."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimkata zaidi. Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa. "Mimi," alisema. "Nilikuwa nataka kuja. Wakaniambia kaa, watu wanakuja nyumbani, mwenye nyumba haondoki." Akafunika uso kwa blanketi. Mabega yake yalitikisika, yale mabega ambayo Gaudensia hakuwahi kuyaona yakitikisika, hata mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe.

Mwambie, moyo ulimwambia. Mwambie sasa. Lakini akimwambia, baba atapiga kelele, Theodory atagonga bodi, lori litasimama kwenye tope na kugeuka, na watu hawa watarudi kwenye turubai lao wakiwa na hasira ya haki. Aliuma kidole gumba mpaka akaonja chumvi. Wimbo uliendelea nyuma yao.

Lori liliposimama nje ya hospitali akina mama walishuka wakilia. Gidion alikuja mbio kutoka kwenye benchi, akasimama katikati ya njia akishangaa kanga, sululu, na machozi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Gaudensia alikuwa amebaki juu, kwenye kikanyagio cha mlango wa lori, ili wamwone wote.

"Hakuna," alisema. "Letisia hajafa. Nimewadanganya. Bado yuko hai, na hana muda. Naomba mniue kesho. Leo naomba mwingie mle ndani mpimwe."

Kilio kilikatika kama kamba. Mama yake hakungoja kuelewa. Alimsukuma Gidion pembeni akaenda mbio kuelekea wodini, kanga mpya ikiburuzika nyuma yake. Wengine wote walisimama. Baba yake alishuka kwa kushikilia mlango, akauinua mkongojo wake, na Gaudensia akafumba macho kuupokea. Haukushuka. Alipofumbua, mzee alikuwa anatembea kwenda kwenye ukuta wa uzio, akasimama huko amempa mgongo.

Theodory alimsogelea. "Umemtamkia kifo mtu aliye hai! Mdomo wako mwenyewe, mbele ya mama yako! Unajua watu wanachimba hivi sasa? Kaburi limefunguliwa, Gaudensia. Kaburi likifunguliwa halifukiwi tupu!"

"Najua, baba mdogo. Nitajibu. Lakini ingieni."

"Nani aingie?" Aliyeuliza ni Mzee Hermani, mkubwa wa wote pale, na aliuliza bila hasira, ndipo watu wakageuka kumsikiliza. "Mtoto, sisi hatuna roho mbaya. Lakini tumesikia kutoka Tlawi kwamba dada yako amefiwa na kichanga leo asubuhi. Yuko katika metimani, mwiko wa aliyefiwa. Zamani mwanamke wa namna hiyo alikaa peke yake, na moto wake na kibuyu chake, hakuna aliyepokea kaa la moto kutoka kwake, mpaka atakaswe. Siku hizi tunasali, tumeacha mengi. Lakini damu? Damu yangu itembee ndani yake? Na mimi nina wakwe wajawazito nyumbani, na ng'ombe wenye mimba? Nani hapa atalipeleka jambo hilo nyumbani kwake?"

Padri alishahubiri dhidi ya mwiko huo, Gaudensia mwenyewe alishaandika hivyo kwenye simu asubuhi moja na wote hawa walimpa vidole gumba. Aliona wanaume wakitazama mabuti yao. Aliwaona akina mama wakisogeleana. Alianza kusema, juu ya sayansi, juu ya Injili, juu ya ubinadamu, na maneno yake yote mazuri yalitoka yakaanguka kwenye tope mbele yake.

Ndipo Lucia akarudi. Alikuja taratibu sasa, hana viatu. Alimpita Theodory, akampita Hermani, akafika mbele ya akina mama wa chama, wengine umri wa binti zake, na akapiga magoti. Mwanamke mkubwa, mama wa wakwe, akapiga magoti mbele ya wadogo. Aliiweka ile kanga juu ya mapaja yake.

"Ana joto bado," alisema. "Nimemshika miguu. Hii nilikuja nayo kumfunika. Niambieni tu, kama nimfunike."

"Mama, inuka," mmoja alisema huku akilia. "Inuka, usitufanyie hivi."

Lucia hakuinuka.

Aliyesogea ni Benedikta, mama wa makamo anayeuza vitunguu saumu mnadani, mcheshi, mwenye mdomo. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alivua kanga ya juu akaifunga kiunoni.

"Mimi niliwahi kukaa metimani," alisema. "Mtoto wa pili, kabla ya huyu mwanangu mnayemjua. Alinyonya wiki moja akaacha. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, mkapita mbali na mlango wangu. Sijawasema kwa hilo. Lakini huyu hawezi kuniambukiza kitu. Nilichokuwa nacho kule ndicho alichonacho yeye." Akamgeukia nesi Angela, aliyekuwa ametoka kusimama mlangoni. "Nesi, mkono upi?"

Akaingia.

Kisha mwanamke mwingine akamfuata, mke wa katibu wa chama. "Na mimi," alisema, wala hakueleza. Mume wake aligeuka kumtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua katika nyumba yake. Akafuata mmoja wa wasaidizi wa kwaya. "Mimi walikuwa mapacha," alisema kwa sauti ndogo. Akafuata bibi mmoja ambaye kwa umri wake hakuna hospitali ingemtoa damu, naye akasema mwacheni nesi anipime, akikataa ni yeye. Wengine hawakusema lolote, walishusha tu vibuyu chini wakaingia. Gaudensia alishuka kwenye kikanyagio. Akashikilia tairi la lori. Aliwafahamu wanawake hawa tangu azaliwe. Alikuwa amekula kwenye mafiga yao, amewaandikia tafakuri juu ya umoja wa jamii. Na siku zote hizo walikuwa wanatembea na vifo hivi chini ya kanga zao, kila mmoja akidhani yuko peke yake, kwa kuwa kimya ndiyo ilikuwa sheria.

Hakuna mwanamume wa Maretadu aliyeingia. Bashiri peke yake alizima injini, akavua kofia, akaingia na akina mama, akatoka baada ya muda mfupi akisugua kidole.

"Grupu B," alimwambia Gidion. "Lori langu limefaa, damu yangu haijafaa."

Wengi walikataliwa kama yeye. Huyu ananyonyesha, huyu damu nyepesi, yule mjamzito wa miezi miwili aliyekuwa hajamwambia hata mumewe. Bibi alikataliwa akatukana. Lakini Benedikta alikubaliwa, na mke wa katibu, na dada wa kwaya, na mmoja zaidi. Chupa za damu zilipita mlangoni zikiwa bado vuguvugu. Daktari alizifuata akikimbia. Mlango wa upasuaji ulifungwa.

Wakakaa. Wanaume walikaa upande wa lori, wanawake upande wa ukuta, Mzee Akonaay peke yake kwenye uzio. Mvua ilikatika. Mawingu yalifunguka upande wa kusini, mlima Hanang ukaonekana mbali, buluu, kilele chake kimekatwa na ukungu, na hakuna aliyeutazama. Theodory alikuwa amempigia mtu simu mara tatu akimwambia waache kuchimba, na mara ya tatu akasema, "Basi kama mmefika kina hicho, kaeni tu kando yake, msiondoke."

Gaudensia aliwasogelea akina mama na maji. Baadhi waliyapokea, baadhi walitazama pembeni. Lucia aliyapokea, akayanywa, akamrudishia kikombe bila kumwita jina.

Jua lilikuwa linashuka nesi Angela alipomwita Gaudensia ndani, pamoja na mama yake. Benedikta alikuwa bado amelazwa kwenye kitanda cha jirani akinywa soda. Letisia alikuwa amefumbua macho. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu yaliyonyeshewa, lakini midomo ilikuwa na rangi. Aliwatafuta mmoja mmoja kwa macho, kisha akashusha mkono juu ya tumbo lake. Mkono ukazunguka pale, ukatafuta, ukasimama.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Gaudensia, aliyeweza kumtangazia kifo dada aliye hai mbele ya kijiji kizima, hakuweza. Mama yake alifunika uso. Benedikta ndiye aliyeweka soda chini, akajivuta mpaka kwenye kitanda kile akiwa na pamba bado mkononi, akainama sikioni mwa Letisia na kumwambia kwa Kiiraqw, maneno machache, ya taratibu.

Letisia alilia. Hakulia kama mgonjwa. Kilio kilitoka chini kabisa, kikajaza wodi, kikapita madirishani. Angela aliingia mbio, akatazama, akarudi nyuma. "Mwacheni alie," alisema. "Sasa ana nguvu ya kulia."

Nje walikisikia. Gaudensia alipotoka alikuta wanaume wote wamesimama. Theodory alikuwa ameshavua kofia. Mmoja alikuwa anashusha bodi la lori, na wengine walikuwa wameanza kusogea mlangoni na lile shuka jeupe walilokuja nalo. Mzee Akonaay alikuwa ametoka kwenye uzio, yuko katikati ya njia, mikono inaning'inia.

"Hapana," Gaudensia alisema. "Hapana, rudisheni. Ni mtoto anayemlilia. Ameamka. Yuko hai, baba. Letisia yuko hai."

Hakuna aliyerudisha shuka. Bodi lilibaki limeshushwa nusu. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mpita njia anayewaelekeza usiku kwenye daraja.

"Haki ya Mungu yuko hai," alisema, akaanza kulia. "Nawaapia."

Mzee Akonaay alimtazama binti yake kwa muda. Kisha macho yake yakampita, juu ya bega lake, mpaka mlangoni alikosimama nesi Angela na sweta lake lililokunjwa mikono.

"Nesi," alisema. "Ni kweli anavyosema huyu?"

"Ni kweli, mzee. Njoo umwone."

Ndipo alipotembea. Alimpita Gaudensia kwa karibu, blanketi likamgusa mkono, na hakugeuka.